Uvimbe wa duodeni uliogunduliwa mapema: utolewe kwa kamera, kwa matundu, au kwa vyote viwili?

Swali: "Daktari, shikamoo. Niko Masasi. Mama yangu ana miaka 58, ametibiwa vidonda vya tumbo muda mrefu bila nafuu ya maana. Mwaka huu tulimpeleka Dar es Salaam akapimwa kwa kamera ya mdomoni, wakakuta uvimbe wa sentimita 2 kwenye duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, sehemu ya pili. Majibu ya kinyama walichokata kwenye uvimbe kukipima yanasema ni adenoma yenye mabadiliko makali, haijawa saratani. Daktari mmoja anasema dawa yake ni upasuaji mkubwa wa kuondoa duodeni pamoja na kichwa cha kongosho. Mwingine anasema unatolewa kwa kamera tu na mama anarudi nyumbani. Shemeji yangu naye amesoma kwamba Japani wanatumia kamera ya mdomoni na upasuaji wa matundu madogo kwa pamoja, chumba kimoja, siku moja. Hicho ni kitu gani? Mama anafaa? Tumeshaanza kutafuta mteja wa shamba la mikorosho ili tumpeleke nje."

Jibu: Marahaba, dada, na poleni kwa kuuguza.

Huyo mteja wa shamba mwambieni asubiri. Adenoma yenye mabadiliko makali ni uvimbe ambao haujawa saratani lakini uko njiani, na ukiachwa kwa miaka kuna hatari kubwa ufike huko. Kwa hiyo usiachwe. Ila haugeuki kwa usiku mmoja. Mnazo wiki kadhaa za kufanya mambo kwa mpangilio, na ndani ya wiki hizo kuna maswali matatu ya kujibiwa kabla mtu yeyote hajashika kisu: uvimbe umechimba kina gani ukutani, uko umbali gani na tundu la nyongo, na umekaa upande upi wa utumbo. Madaktari wenu wawili wanaonekana kupingana kwa sababu katika maelezo uliyonitumia majibu ya maswali hayo hayamo. Hizo sentimita 2 peke yake hazitoshi kuamua.

Jambo jingine la kuweka sawa: vidonda vya tumbo havikugeuka kuwa uvimbe huu. Adenoma nyingi za duodeni hazina dalili yoyote. Zinaonekana kwa bahati, mtu akipimwa kwa sababu nyingine, na mama alikuwa na bahati hiyo. Maumivu yake ya zamani yanaweza kuendelea hata uvimbe ukishatoka, na hapo msije mkasema upasuaji haukufanya kazi. Kama alikutwa na Helicobacter pylori, bakteria wanaosababisha vidonda vya tumbo, amalize dozi yake kama kawaida. Hayo ni matibabu mengine.

Sasa duodeni yenyewe. Ni kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba, kinaanzia pale mfuko wa chakula unapoishia. Urefu wake ni kama sentimita 25 hadi 30, na kimejikunja kama herufi C kuzunguka kichwa cha kongosho. Tunakigawa sehemu nne. Sehemu ya pili ndiyo inayoshuka, na kwenye ukuta wake wa ndani, ule unaogusana na kongosho, kuna kichuchu kidogo kinachoitwa papila, ndilo lile tundu la nyongo nililolitaja. Hapo ndipo nyongo kutoka kwenye ini na maji ya kongosho hutokea kukutana na chakula.

Mahali hapa panatisha wapasuaji kuliko ukubwa wake unavyoonyesha. Ukuta ni mwembamba, misuli yake ni ya kuhesabu kwa milimita. Chini ya utando wa ndani kuna tezi za Brunner, ambazo hufanya utando usiinuke vizuri daktari anapojaribu kuutenganisha na misuli. Kona ni kali, kamera haitulii. Nyuma, duodeni imegandamana na ukuta wa nyuma wa tumbo pamoja na kongosho. Na kisha kuna hayo maji ya kongosho. Kazi yake ni kuyeyusha nyama na mafuta, na hayachagui kati ya samaki mliyemla mchana na nyama ya kidonda kilichoachwa wazi ukutani.

Ndiyo maana nasema kuukata uvimbe wa duodeni ni nusu ya kazi, na ni nusu iliyo rahisi. Kidonda kinachobaki ndicho kinachoamua kama mgonjwa atarudi nyumbani salama. Daktari anaweza kuutoa uvimbe kwa kamera vizuri kabisa, mgonjwa akaamka akitabasamu, halafu siku moja au mbili baadaye ukuta ulioliwa na nyongo na maji ya kongosho ukatoboka. Mbaya zaidi, sehemu kubwa ya duodeni iko nyuma ya tumbo, kwa hiyo tundu likitokea upande huo tumbo linaweza lisikakamae mapema kama tulivyozoea kuona kwa wagonjwa wa vidonda vilivyopasuka. Mgonjwa analalamika mgongo, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, homa inapanda, na saa zinapotea watu wakidhani ni uchovu wa upasuaji. Kutoboka huko kwa kuchelewa ndiko kulikowafanya Wajapani watafute njia nyingine.

Njia aliyoisoma shemeji yako haikuanzia kwenye duodeni. Mwaka 2008 Naoki Hiki na wenzake wa Tokyo walichapisha maelezo ya upasuaji wa kushirikiana kati ya daktari wa endoskopi, yaani wa kamera ya mdomoni, na daktari wa laparoskopi, yaani wa upasuaji wa matundu madogo, kwa ajili ya vivimbe vilivyo ndani ya ukuta wa mfuko wa chakula. Tatizo walilotaka kulitatua lilikuwa la kawaida: mpasuaji akitazama kwa nje haoni mpaka wa uvimbe ulio ndani, hivyo anakata nyama nyingi kuliko inavyohitajika. Mwenzake aliye ndani na kamera anauona mpaka huo waziwazi. Wakigawana kazi, kinachotoka ni kile kinachotakiwa kutoka. Baadaye wazo hilo likahamishiwa duodeni, na kuanzia Aprili 2020 bima ya afya ya taifa ya Japani ikaanza kuulipia upasuaji huu kwa vivimbe vya duodeni.

Siku ya upasuaji inakwenda hivi. Mgonjwa analazwa kwa nusukaputi. Daktari wa upasuaji anatoboa matundu manne au matano tumboni, madogo, anajaza gesi ya kaboni dayoksaidi na kuingiza kamera yake. Kazi yake ya kwanza ni kuibandua duodeni kutoka kwenye ukuta wa nyuma ili iweze kusogezwa. Hatua hiyo tunaiita kwa jina la Theodor Kocher, mpasuaji wa Uswisi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1909. Kisha anaubana utumbo mbele kidogo ya duodeni kwa kibanio laini. Watu wengi hawaelewi umuhimu wa kibanio hicho mpaka waone upasuaji uliofanyika bila kukiweka: hewa inayopulizwa na kamera ya mdomoni hukimbilia chini, utumbo wote unavimba, na mpasuaji haoni tena anachofanya.

Hapo daktari wa endoskopi anaingia. Kamera inapita mdomoni hadi sehemu ya pili. Anaweka alama za kuchoma kuzunguka uvimbe, anadunga majimaji mazito chini ya utando ili uvimbe uinuke, halafu kwa kisu cha umeme chenye ncha ndogo anakata utando kuuzunguka na kuuchambua polepole kutoka juu ya misuli. Ni kazi ya subira, inaweza kuchukua saa nzima au zaidi kwa kitu cha sentimita 2. Mwenzake wa nje anaweza kuisogeza duodeni au kuituliza pale kamera inapogoma kutulia. Ukuta ukitoboka katikati ya kazi, tundu linaonekana papo hapo, na wa kulishona yuko tayari amesimama. Uvimbe unatoka kipande kimoja na kuvutwa kupitia mdomoni. Kutoka kipande kimoja kuna maana yake, kwa sababu mtaalamu wa patholojia, yule anayesoma nyama kwa darubini maabara, anaweza kusoma kingo zote na kusema kwa uhakika kama umetoka wote.

Halafu inakuja sehemu ambayo kwangu ndiyo kiini cha jambo lote. Mpasuaji anatazama mwanga wa kamera ya ndani ukipenya ukutani, anajua kidonda kilipo, na anashona tabaka la nje pamoja na misuli juu ya eneo hilo. Nyuzi zinapangwa ili mshono ukingame na mkondo wa utumbo, maana ukienda sambamba na mkondo, duodeni inabanwa na chakula kitakwama. Wa ndani anapitisha kamera kuhakikisha njia bado ni pana. Mwisho wanamwaga maji juu ya mshono na kupuliza hewa kutoka ndani: mapovu yakitokea, kuna pengo, wanashona tena. Mpira mwembamba wa kutoa maji huachwa karibu na mshono kwa siku kadhaa ili uvujaji wowote ujulikane mapema.

Kuna mtu atauliza kwa nini wasikate ukuta mzima mara moja, nje hadi ndani, wakashona na kumaliza. Inawezekana, na mwanzoni wengine walifanya hivyo. Lakini duodeni ikifunguliwa tumboni, nyongo na maji ya kongosho humwagika, na pamoja navyo bakteria, na kama uvimbe una chembe za saratani, nazo zinaweza kudondoka humo. Kwa hiyo kwa vivimbe vilivyo kwenye utando wa ndani, kama wa mama, wanapendelea kuchambua utando tu na kuimarisha ukuta kwa nje. Kukata ukuta mzima kunafikiriwa zaidi kwa vivimbe vilivyoota ndani ya misuli yenyewe.

Je, mama anafaa? Kwa aina ya uvimbe, ndiyo. Njia hii ilitengenezwa kwa adenoma na kwa saratani changa ambayo haijavuka utando, mbali na papila. Inatumika pia kwa baadhi ya vivimbe vidogo vya neva na homoni. Kinachobaki ni yale maswali matatu.

Kina. Ikiwa uvimbe umeshachimba chini ya utando, hata kama kinyama kilisema adenoma, hatari ya tezi za limfu kushikwa na saratani inaingia, na kuondoa uvimbe peke yake hakutoshi. Hapo daktari wenu wa kwanza atakuwa sahihi.

Umbali na papila. Uvimbe ulioigusa papila, au ulio karibu nayo kiasi kwamba mshono utabana njia ya nyongo, haumo kwenye kundi hili. Una njia zake za kushughulikiwa, na uamuzi wake ni mgumu zaidi. Kipimo cha kamera ya kawaida, inayotazama mbele, mara nyingi hakiioni papila vizuri. Inatakiwa kamera inayotazama ubavuni, au angalau kofia ya plastiki mbele ya kamera ya kawaida, na ripoti iandike kwa milimita. Ripoti isemayo "uvimbe sehemu ya pili ya duodeni" bila neno lolote kuhusu papila ni ripoti ya nusu. Irudisheni.

Upande. Hili ndilo watu hulisahau. Ukuta wa nje wa duodeni, unaoelekea ini na ubavu wa kulia, na ukuta wa mbele, mpasuaji anaufikia. Ukuta wa ndani umeshikana na kongosho. Huko hakuna mahali pa kupitisha sindano kutoka nje bila kuichokoza kongosho, kwa hiyo faida yote ya kuwa na mtu wa pili inayeyuka. Kama uvimbe wa mama uko ukuta wa ndani, hata mkimpeleka Tokyo watakaa chini na kufikiria upya.

Ongeza hapo upana. Uvimbe ukishika nusu ya mzunguko wa utumbo au zaidi, kuushona kunaacha njia nyembamba. Kwa sentimita 2 sidhani kama mama yuko huko.

Daktari wa pili naye, aliyesema utolewe kwa kamera tu, hakukosea. Ulaya na Marekani hiyo ndiyo njia ya kwanza kwa adenoma nyingi za duodeni ambazo haziko kwenye papila. Mwongozo wa chama cha endoskopi cha Ulaya wa mwaka 2021 unataka kila adenoma ya duodeni ifikiriwe kutolewa kwa njia ya kamera. Wanainua utando kwa majimaji, wanaunasa uvimbe kwa kitanzi cha waya, wanakata, kisha wanafunga kidonda kwa vibanio vidogo vya chuma. Vile vidogo kabisa hukatwa kwa kitanzi bila umeme, na kwa kukosa ule moto, hatari ya kutoboka baadaye hupungua sana. Kwa sentimita 2 tuko mpakani: mtu mzoefu anaweza kuutoa kipande kimoja, au ukatoka vipande viwili vitatu, na ukitoka vipande, uwezekano wa kurudi huongezeka, hivyo lazima kufuatilia kwa karibu. Tatizo la kawaida zaidi ni kutokwa damu baadaye, na damu mara nyingi husimamishwa kwa kamera hiyo hiyo.

Ungeniuliza kama mwanangu, ningekwambia hivi: kama uvimbe unainuka vizuri, uko ukuta wa nje, hauigusi papila, na mnaye daktari anayefanya kazi hii mara kwa mara, kuutoa kwa kamera katika hospitali yenye wapasuaji jirani ni uamuzi wa heshima kabisa, na hakuna haja ya kusafiri kwenda popote. Ule wa kuunganisha kamera na matundu unajipatia nafasi pale uvimbe unapokuwa mkubwa zaidi, au una kovu lisiloruhusu utando kuinuka, au pale patholojia inapohitaji kipande kimoja safi.

Upasuaji mkubwa, ule uliopewa jina la Allen Whipple wa New York kwa kazi yake ya mwaka 1935, unaondoa duodeni, kichwa cha kongosho, mfuko wa nyongo na kipande cha njia ya nyongo, kisha kuunganisha upya kilichobaki. Ni saa nyingi mezani. Hata katika hospitali zinazoufanya kila wiki, ambako vifo vimeshuka chini ya 5 kati ya wagonjwa 100, matatizo baada ya upasuaji hupata theluthi ya wagonjwa au zaidi, na la kuogopwa ni kuvuja kwa kongosho. Mgonjwa anaweza kubaki na kisukari au kuhitaji vimeng'enya vya kongosho kila akila. Kwa saratani iliyozama, nausimamia bila kusita. Kwa adenoma ya sentimita 2 iliyo mbali na papila, mtu anayeupendekeza anatakiwa aeleze kwa nini njia ndogo zimeshindikana. Na jueni kwamba mlango huo haufungwi: uvimbe ukitolewa kwa njia ndogo, kisha patholojia ikakuta saratani imevuka utando, upasuaji mkubwa bado unawezekana baadaye.

Kuna njia ya kati ambayo hakuna aliyewatajia, labda kwa sababu haina jina la kuvutia. Mpasuaji anafungua tumbo, anaibandua duodeni, anaifungua kwa mkato mdogo, anaukata uvimbe akiuona kwa macho, na kushona. Wakati huohuo daktari wa endoskopi anaweza kupitisha kamera mezani na kuonyesha uvimbe uko wapi hasa. Mkato wa tumbo ni mkubwa na mgonjwa atakaa wodini zaidi, lakini kongosho inabaki, papila inabaki. Kwa mazingira yetu ni njia ya kuulizia kwa uzito. Upasuaji wa matundu Tanzania upo, endoskopi ipo. Anayekosekana zaidi ni daktari aliyezoea kuchambua utando wa duodeni kwa kisu cha umeme. Wajapani waliupata ustadi huo kwa kuwa saratani ya mfuko wa chakula ni nyingi kwao. Mikono yao ilizoea mfuko wa chakula, ambako ukuta ni mnene na unasamehe, kabla haijaingia duodeni. Kisu cha umeme kinanunulika. Uzoefu huo haununuliki pamoja nacho.

Kwa hiyo cha kufanya sasa. Hospitali ya Ndanda mko jirani nayo. Mama apimwe damu, sukari, presha na figo huko, asafiri akiwa anajulikana hali yake. Rufaa rasmi ipitie Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini hapa Mtwara kwenda Muhimbili, na muulize mapema bima yake inagharamia nini, mpewe jibu kwa maandishi. Muhimbili ombeni mambo ya aina hii: kamera irudiwe na mtu atakayeangalia papila, apige picha na aandike upande, afanyiwe CT-Scan ya tumbo yenye dawa, na kama endoskopi yenye ultrasaundi inapatikana, itumike kupima kina. Kisha kesi ijadiliwe na daktari wa endoskopi, mpasuaji wa ini na kongosho na mtaalamu wa patholojia wakiwa meza moja. Hicho kikao ni bora kuliko maoni matano ya barazani.

Jambo moja nalisisitiza: mama asichukuliwe kinyama tena kwenye uvimbe huo bila sababu nzito. Kila kinyama kinaacha kovu chini ya utando, kovu linaushikilia uvimbe kwenye misuli, na siku ya kuutoa hauinuki. Nimeona familia zinahama hospitali moja hadi nyingine, kila moja ikichukua kinyama chake, mpaka uvimbe uliokuwa wa kutolewa kwa kamera ukawa wa kisu. Kama mnataka maoni ya pili ya maabara, ombeni vipande vya nta na vioo vilivyohifadhiwa kule alikopimwa mwanzo, visomwe upya. Hivyo vinaazimishwa. Na mkumbuke kinyama ni punje tu ya uvimbe. Jibu la mwisho hutoka uvimbe mzima ukishasomwa.

Kuhusu kwenda nje. Rufaa ya serikali ya nje ya nchi hupitia Wizara ya Afya, na kikao nilichokitaja ndicho kingeianzisha. Mkienda kwa fedha zenu, msishawishike na tangazo lenye picha za mashine. Muulizeni daktari atakayefanya: umetoa vivimbe vingapi vya duodeni, si vya utumbo mpana, vya duodeni? Nani atashona, na huyo ameshona duodeni kwa matundu mara ngapi? Mgonjwa akitoboka usiku wa pili, nani anaamshwa? Asiyekuwa na majibu ya haraka kwa maswali hayo, hata awe kwenye jengo la vioo, msimpe mama. Akipatikana mwenye majibu hayo hapa nchini, shamba libaki lenu.

Baada ya upasuaji wowote kati ya hivi, mama atakaa bila kula kwa siku chache. Baadhi ya hospitali humnywesha dawa ya picha kwanza kuona kama mshono unavuja kabla ya kumruhusu uji. Akiruhusiwa kutoka wodini, msimpandishe basi la Masasi siku hiyo. Ni zaidi ya kilomita 500, na njia yetu mnaijua: Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika huko Kilwa na watu wakalala njiani. Kwa mgonjwa mwenye mshono mpya wa duodeni hilo halichezewi. Tafuteni ndugu wa kumhifadhi Dar es Salaam kwa wiki mbili hivi. Choo cheusi kama lami, kutapika damu, maumivu mapya ya mgongo au tumbo, homa, mapigo ya moyo ya kasi: chochote kati ya hivyo ni kurudi hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni aziache mpaka daktari aruhusu, na dawa za mitishamba za kusafisha tumbo asinywe kabisa katika kipindi hicho.

Miezi 3 baadaye kamera irudi kuangalia kovu, kisha kwa ratiba watakayopanga kulingana na patholojia. Uvimbe uliotoka vipande huangaliwa mara nyingi zaidi.

Na mwisho ni jambo ambalo madaktari wengi hawalitaji kwa haraka ya siku. Mtu mwenye adenoma ya duodeni ana uwezekano mkubwa kuliko wengine wa kuwa na vivimbe vya aina hiyo kwenye utumbo mpana pia. Mama akiwa Dar es Salaam, ombeni apimwe utumbo mpana kwa kamera safari hiyohiyo. Kama watakuta vivimbe vingi, makumi, au kama kuna ndugu wa mama aliyepata saratani ya utumbo mpana akiwa kijana, mwelezeni daktari, kwa sababu upo ugonjwa wa kurithi unaoleta vivimbe sehemu zote mbili, na hapo wewe na wadogo zako nanyi mtapaswa kupimwa.